Barua ya wazi kwa mnaotuwekea wachungaji: mnatuambia tuzijaribu roho, lakini faili mnalo ninyi

Kwenu maaskofu, wenyeviti wa sinodi, waangalizi, wazee wa kanisa na wajumbe wa bodi za huduma,

Bwana Yesu asifiwe.

Kila mtumishi anapoanguka na habari zake zikatoka nje, huwa mnatoa tamko. Tumeshalikariri. Mnasikitika, mnaomba tuziombee familia zote zilizoguswa, na mwishoni mnatukumbusha waumini tuwe macho, tuzijaribu roho kama Yohana alivyoagiza, yaani tupime kama anayesema ametoka kwa Mungu kweli. Baada ya hapo mambo yanatulia mpaka atakapoanguka mwingine.

Sina ugomvi na Yohana. Ninachogombea ni mgawanyo wa kazi. Sisi tunaokaa kwenye mabenchi tunamwona mchungaji saa mbili au tatu kwa wiki, amevaa vizuri, ameshika kipaza sauti, anazungumzia jambo alilojiandaa kulizungumzia. Ninyi ndio mnaojua alitoka wapi, kwa nini aliondoka huko, nani aliwahi kumlalamikia, mshahara wake unapangwa na nani, na hundi za sadaka zinasainiwa na nani. Kazi ya kupima mmetupa sisi, vipimo mmebaki navyo ofisini.

Mstari mnaotujibu nao mara nyingi ni ule wa Mathayo 7, "Mtawatambua kwa matunda yao." Shida iko kwenye kile tunachozoezwa kukiita matunda. Ukumbi ukijaa, tunda. Jengo likiezekwa, tunda. Mgonjwa akisimama kutoa ushuhuda, tunda kubwa zaidi. Lakini shuka mistari michache katika sura hiyohiyo, utawakuta watu waliotoa unabii, waliofukuza pepo na kufanya miujiza mingi kwa jina la Bwana, nao wanaambiwa hakuwajua kamwe. Yesu habishani nao kama miujiza ilitokea au haikutokea. Musa alikwisha kusema jambo kama hilo zamani, katika Kumbukumbu la Torati 13: nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia kabisa, na bado akawa anawavuta watu kwenye miungu mingine. Kwa hiyo hata unabii uliotimia haufungi uchunguzi.

Sasa tazameni orodha ya 1 Timotheo 3, ambayo mnaisoma wenyewe siku ya kumsimika mtu. Kipaji kilichotajwa humo ni kimoja, kujua kufundisha. Yaliyobaki yanahusu hasira, ulevi, ndoa, fedha, ukarimu, malezi, muda aliokaa katika imani na jina lake kwa watu wa nje. Hayo hayaonekani mtu akiwa madhabahuni. Anayeijua hasira ya mchungaji ni mke wake, dereva wake, katibu wake, anayesafisha ofisi yake, na yule msaidizi aliyeacha kazi ghafla bila kusema sababu. Je, kabla ya kumwekea mtu mikono huwa mnawauliza hao? Nasema mmoja mmoja, mwenyewe akiwa hayupo, na kwa ahadi kwamba atakayefungua mdomo hatafukuzwa. Paulo anataka wajaribiwe kwanza, na sura mbili mbele anaonya, "Usimwekee mtu mikono kwa haraka." Ninyi na sisi tunawajua waliosimikwa kwa sababu ya sauti nzuri na mkutano mmoja wa injili uliofana.

Wala msidhani jambo hili ni la makanisa madogo yasiyo na wasomi. Ravi Zacharias alikuwa mtetezi wa imani aliyealikwa kwenye vyuo vikuu vya nchi nyingi. Alifariki Mei 2020 akiwa na heshima zake zote. Februari 2021 huduma aliyoianzisha mwenyewe ilitoa hadharani ripoti ya mawakili iliyoonyesha kwamba kwa miaka mingi aliwanyanyasa wanawake kingono, baadhi yao wakiwa wahudumu waliomkanda mwili. Dalili zilikuwapo kabla. Kwa muda mrefu aliitwa daktari wakati udaktari wake ulikuwa wa heshima tu. Mwaka 2017 kesi kati yake na mwanamke mmoja pamoja na mumewe ilimalizwa nje ya mahakama kwa mkataba wa kutunza siri, na bodi yake ikashika maneno yake yeye. Muumini aliyekuwa akisikiliza mahubiri yake, hata awe na karama ya kupambanua roho kiasi gani, angeyajuaje yaliyomo kwenye mkataba wa siri? Wenye nafasi ya kuuliza walikuwa wajumbe wa bodi.

Ndiyo maana naanza na barua zenu za utambulisho. Mchungaji anapohamishwa, huja na karatasi inayosema ni mtumishi mwaminifu, mpole, mwenye mzigo wa roho za watu. Hakuna anayeandika kwamba huko atokako wazazi wa wasichana wawili walilalamika, au kwamba mfuko wa ujenzi haujulikani ulipo. Mnaandika mazuri ili aondoke kwa amani, na mnaompokea mnaona ni adabu kutouliza. Kanisa la Uingereza lina funzo chungu juu ya hili. John Smyth, wakili na kiongozi wa kambi za vijana wa Kikristo, aliwachapa wavulana kwa ukatili. Mwaka 1982 taarifa iliandikwa kuhusu aliyoyafanya, na viongozi kadhaa wakaijua. Hawakumpeleka polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za wavulana na kuendelea kuwaumiza, kisha akaenda Afrika Kusini, na akafa mwaka 2018 bila kutiwa hatiani kwa makosa hayo. Ripoti huru ilitoka Novemba 2024, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika habari hii kilio kilikuwa cha watoto wa nchi nyingine, mbali na ile ilikoandikwa taarifa ya 1982.

Ombi langu hapa ni dogo na linatekelezeka. Barua ya uhamisho iseme kama kuna malalamiko yaliyopokelewa, yalichunguzwa na nani, yakaishia wapi. Kama hakuna, iseme hakuna, na anayesaini awajibike kwa saini yake.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, maana kila mtu amekwisha kulisema. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya fedha ya kanisa moja, ambako swali la risiti lilijibiwa kwa maombi ya kukemea roho ya uasi. Risiti haikuonekana. Paulo angeshangaa. Katika 2 Wakorintho 8, akibeba mchango wa makanisa, anasema wazi kwamba ameongozana na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asimlaumu, na kwamba anafikiria yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume mwenyewe hakutaka kuaminiwa kwa sababu tu ni mtume. Na Didake, lile andiko la Wakristo wa kwanza lililopotea kwa karne nyingi mpaka lilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873, lina kipimo ambacho hata mtoto angekielewa: nabii akisema katika roho "nipe fedha", msimsikilize, akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Mjumbe msafiri akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Siku tatu! Wazee wetu wale walikuwa na subira fupi kuliko sisi, ambao tunamlisha mtu miaka kumi bila kuona karatasi moja ya mahesabu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma zaidi. Muumini akiuliza, anaambiwa, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Nimeusikia mstari huu ukitumika kumnyamazisha mjane aliyedai fedha zake, kijana aliyekataa kumwita mtu "baba wa kiroho", na mwalimu wa watoto aliyeuliza kwa nini mlango wa ofisi ya ushauri hufungwa kwa ufunguo. Naomba mfungue Zaburi ya 105 muusome pamoja na mistari inayoutangulia. Inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Yaani mstari unamlinda mnyonge asiye na ardhi dhidi ya mwenye jeshi. Sisi tumeugeuza ukawa ngome ya mwenye jengo, walinzi na kipaza sauti dhidi ya mjane.

Na kuna zaidi. Ibrahimu anaitwa nabii katika Mwanzo 20, katika kisa cha Abimeleki mfalme wa Gerari. Mungu anamkataza mfalme asimguse Sara. Lakini asubuhi yake Abimeleki anamwita huyo nabii na kumuuliza mbele yake, "Umetutenda nini?", kwa sababu Ibrahimu alikuwa amesema mkewe ni dada yake. Nabii alidanganya, akaulizwa, akajieleza. Hakuna moto ulioshuka juu ya muulizaji. Kwa hiyo hata huyo nabii ambaye wachungaji hujificha nyuma yake aliulizwa maswali, tena na mtu ambaye hakuwa hata wa imani yake.

Wanaopenda mfano wa Daudi na Sauli nao wausome mpaka mwisho. Ni kweli Daudi alikataa kumuua mpakwa mafuta wa Bwana. Lakini pia hakukaa sebuleni akingoja mkuki mwingine wa Sauli. Alikimbia, akajificha, na alipotoka pangoni alipaza sauti mbele ya askari elfu tatu akimwonyesha Sauli upindo wa vazi na kumwambia kwamba Bwana ataamua kati yao. Baadaye, Daudi alipokuwa yeye ndiye mpakwa mafuta, Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo," na jibu la Daudi halikuwa kumlaani nabii. Paulo naye alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya watu wote. Petro! Kama yupo mchungaji kati yenu aliye juu ya Petro, tungependa kumjua.

Mimi, nikitakiwa kuchagua kipimo kimoja tu ambacho mtu wa kwenye benchi anaweza kukitumia bila kuona faili, ningechagua hiki: mtumishi anafanya nini akiulizwa swali la kweli. Si lazima apendezwe, hakuna anayependezwa. Lakini je, anajibu lililoulizwa? Anaonyesha kilichoombwa? Na muulizaji Jumapili inayofuata bado anasalimiwa, au ametajwa mahubirini bila jina? Yohana, katika waraka wake wa tatu, anamtaja Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza. Ukiusoma waraka huo hutaona Diotrefe akishtakiwa kwa fundisho la uongo. Anashtakiwa kwa kukataa kuwapokea ndugu, kumsingizia Yohana na wenzake maneno mabaya, na kuwafukuza kanisani wale waliotaka kuwapokea. Mafundisho yake pengine yalikuwa safi kabisa, na ndiyo sababu watu wa namna yake huchelewa kujulikana.

Linafuata suala la mashahidi. 1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashtaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu, nanyi mnaisoma mpaka hapo mnafunga Biblia. Mstari unaofuata unasema wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Sijui mstari wa 20 ulipotelea wapi katika katiba zetu.

Naielewa hofu yenu. Wapo wachungaji waliosingiziwa, na uongo mmoja unaweza kubomoa nyumba ya mtu asiye na kosa. Sheria ya mashahidi ni ya haki na ninaitetea. Lakini fikirini mnavyoitumia. Binti anakuja kusema kwamba mchungaji alimshika alipokuwa naye peke yake chumbani. Mnamuuliza, nani aliona? Mkosaji ndiye aliyechagua kufanya pasipo shahidi, nanyi mnampa tuzo kwa kuchagua vizuri. Miaka miwili baadaye anakuja binti mwingine, wa mtaa mwingine, hamjui wa kwanza, anaeleza chumba kilekile na maneno yaleyale. Naye mnamwambia hana shahidi. Hao tayari ni wawili! Wangejulikana kuwa wawili kama mtu angeandika lalamiko la kwanza na kulihifadhi. Mnapopokea malalamiko kwa mdomo, kwa maombi na kwa kushikana mikono, kila anayekuja anabaki kuwa wa kwanza milele.

Torati yenyewe ilijua hali hii. Kumbukumbu la Torati 22 ina habari ya msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani. Hakuna shahidi hata mmoja, kwa maana hapakuwa na mtu. Andiko linasema msichana hana dhambi, alipiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Sheria ileile iliyodai mashahidi wawili ilikumbuka kwamba kuna mahali ambako kelele hazimfikii mtu. Kwa hiyo msituambie kwamba mikono yenu imefungwa na maandiko.

Tena, mambo mengine si ya kikao cha wazee hata kidogo. Mtoto akiguswa, pa kwenda ni polisi na hospitali, siku hiyohiyo, kabla ya kumwita mshitakiwa "mkae mzungumze kama ndugu". Mkimwita kwanza, mnampa nafasi ya kufuta ujumbe kwenye simu na kumtembelea mama wa mtoto.

Msamaha nao msiutumie vibaya. Mtumishi akilia madhabahuni, asamehewe, nasi tutamsamehe. Kurudishiwa ufunguo wa ofisi ni jambo jingine. Musa aliyezungumza na Mungu uso kwa uso aliambiwa hataingia Kanaani, na hakuna anayesema Mungu hakumsamehe.

Mtaniuliza kwa nini sijaanza na mambo makubwa, kama Shakahola nchini Kenya, ambako mwaka 2023 miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa msituni, au Jonestown, Guyana, ambako watu zaidi ya 900 walikufa Novemba 1978. Nimeyaacha nyuma kwa makusudi. Tukiyataja hayo kwanza, kila mchungaji anaonekana malaika, kwa kuwa hajamwambia mtu afe njaa. Lakini kwenye habari ya Jonestown kuna kipande kinachowahusu ninyi moja kwa moja. Jim Jones, aliyewaongoza watu hao, hakuwa nabii wa kichochoroni. Alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono na dhehebu linalotambulika nchini Marekani, na mwaka 1976 meya wa San Francisco alimpa kiti katika mamlaka ya nyumba ya jiji hilo. Cheti alikuwa nacho. Wakubwa walipiga naye picha. Muumini wa kawaida aliyeona cheti na picha akaamini, alikuwa amefanya uchunguzi kuliko wengi wetu. Saini yenu kwenye cheti cha mtu ni ushuhuda kwetu, nasi tunawakabidhi watu hao watoto wetu, siri zetu na sadaka zetu kwa sababu ya saini hiyo.

Kwa hiyo naomba haya, kwa maandishi na yabandikwe pale tunapoweza kuyasoma: nani anapanga mshahara na posho za mchungaji wetu, nani, asiye ndugu yake wala mteule wake, anakagua hesabu, na ripoti inasomwa lini, malalamiko yanaandikwa wapi na kutunzwa na nani, na mchungaji akilalamikiwa, nani anakaa pembeni mpaka uchunguzi uishe, yeye au aliyelalamika. Hadi sasa, kila mara aliyekaa pembeni amekuwa aliyelalamika.

Mkishajibu hayo, liko moja ambalo katiba nyingi za makanisa zimelinyamazia na ambalo hakuna tamko lenu lililowahi kuligusa. Lalamiko likiwa juu yako wewe askofu, juu yako mwenyekiti wa bodi, tulipeleke kwa nani?

Nasubiri majibu yenu,

Mshirika wenu wa kwenye benchi